Fowili Inayoingia Mjini na Kugoma Kitulo: Uchambuzi wa Kisa cha Pikapu ya Viazi

Pikapu inayozungumziwa hapa ni Mitsubishi L200 yenye injini ya dizeli ya lita 2.5, aina ya 4D56, na kazi yake kubwa ni kushusha viazi mviringo kutoka mashamba ya Kikondo na pembezoni mwa uwanda wa juu wa Kitulo hadi Uyole, Mbeya. Ililetwa gereji mwezi Machi, wakati njia ya kutoka Isyonje kwenda Kikondo imeshageuka tope, na maelezo ya dereva yalikuwa mafupi: "Fundi, hapa mjini fowili inaingia, ila nikifika juu kule inagoma." Aliongeza kwamba huko juu akipeleka mkono wa gia ya fowili (mvuto wa magurudumu yote manne) kwenye 4H, taa ya magurudumu ya mbele kwenye dashibodi huanza kumetameta na haitulii hata akitembea kilomita nzima. Gereji iliyoiona kabla yetu ilikuwa imeshatoa hukumu kwamba boksi la transfa, linalogawa nguvu ya injini kwenda mbele na nyuma, limekwisha, na bei ya boksi la mtumba ilikuwa imeshatajwa.

Kabla ya kushika spana ni lazima ieleweke kwamba kwenye gari la aina hii kuna mambo mawili yanayopaswa kutokea ili magurudumu ya mbele yavute, na kila moja hutokea mahali pake. La kwanza hufanyika ndani ya transfa: mkono unapotoka 2H (mvuto wa magurudumu mawili ya nyuma) kwenda 4H (mvuto wa yote manne), njia ya nguvu ya kwenda mbele hufungamanishwa na ile ya kwenda nyuma, na propela ya mbele, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu mbele, huanza kuzunguka. La pili hufanyika pembeni mwa difu ya mbele, inayogawa nguvu kwa gurudumu la kushoto na la kulia, ambako shafti ya upande mmoja ina vipande viwili vinavyounganishwa na pete yenye meno, nayo pete hutelezeshwa na uma. Gari likiwa 2H, pete hukaa pembeni, vipande viwili huachana, na propela ya mbele hutulia ingawa magurudumu yanazunguka, jambo linalopunguza kelele na mafuta yanayopotea bure.

Kinachousukuma uma huo ni kopo la vakyumu (mvuto wa kunyonya hewa) lenye kiwambo cha mpira ndani yake. Upande mmoja wa kiwambo ukinyonywa hewa, fimbo huivuta pete hadi vipande viungane. Upande wa pili ukinyonywa, pete hurudi ilikotoka. Vali mbili za solenoidi, yaani zinazoendeshwa na umeme, zilizo chini ya boneti ndizo zinazoamua upande upi unyonywe na upande upi uachiwe hewa ya nje. Mvuto wenyewe hutoka kwenye pampu ndogo iliyofungwa nyuma ya altaneta, ileile inayohudumia busta inayorahisisha ukanyagaji wa breki, kwa sababu injini ya dizeli haitengenezi mvuto wa kutegemewa kwenye manifoldi yake kama ilivyo kwa injini ya petroli.

Ukishauelewa mpango huo, taa inayometameta inasomeka vizuri zaidi. Humetameta pale ambapo swichi ya kwenye transfa imeshatoa taarifa kwamba mkono umefika 4H, lakini swichi iliyo kwenye ekseli ya mbele bado haijafunga, yaani pete haijaunganisha. Kwa maneno mengine, taa iliyotumiwa kuishtaki transfa ilikuwa kwa kweli inaitetea. Inashangaza kidogo kwamba mtu alikuwa tayari kuuza boksi zima kwa ushahidi unaoelekea upande wa pili, ingawa ni haki kusema kwamba mafundi wengi hapa walilelewa kwenye magari yenye vifungio vya mkono katikati ya magurudumu, ambako taa ya fowili huwashwa na transfa peke yake na hakuna kinachometameta.

Ushahidi wa pili ulitoka kwa utingo, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Alipoona tunamhoji dereva peke yake alisogea akasema kwamba safari ya mwisho, gari lilipozama kwenye kona moja baada ya Isyonje, yeye alishuka na kuchungulia chini wakati dereva anakanyaga mafuta, akaona propela ya mbele inazunguka kwa kasi ilhali matairi yote mawili ya mbele yamesimama kama yamepigwa breki. Kauli hiyo moja inatosha kuiondoa transfa kwenye orodha ya watuhumiwa, kwani propela haiwezi kuzungushwa na boksi lililokufa. Inaeleza pia kwa nini tairi hata moja halikuvuta: pete ikiwa haijaunganisha, nguvu inayoingia kwenye difu ya mbele hukimbilia kipande cha shafti kilicho huru na kukizungusha bure, na upande wenye gurudumu haupati kitu, kwa kuwa difu ya kawaida hupeleka mwendo kule kunakozunguka kwa urahisi.

Hata hivyo maneno ya shahidi, hata akiwa mwaminifu, hupimwa. Magurudumu ya nyuma yaliwekewa vizuizi, mbele pakanyanyuliwa kwa jeki na gari likakalishwa kwenye stendi, kisha injini ikawashwa na mkono ukapelekwa 4H. Taa ilimetameta. Injini ilipozimwa papo hapo, propela ya mbele ilishikwa kwa mikono na kujaribiwa kuzungushwa. Haikusogea zaidi ya ule mchezo mdogo wa kawaida, maana ilikuwa imefungamanishwa na magurudumu ya nyuma yaliyokuwa chini. Transfa ilikuwa imefanya kazi yake. Kisha gurudumu moja la mbele likazungushwa kwa mkono. Ekseli ikiwa imeungana na propela imefungwa, gurudumu la upande wa pili lazima lizunguke kinyume. Hapa lilibaki limetulia. Injini ilipowashwa tena na kuachwa ingurume kwa nusu dakika hivi, ulisikika mlio mdogo wa chuma kugonga chuma kutoka chini, taa ikatulia, na jaribio liliporudiwa gurudumu la pili likageuka kinyume kama inavyotakiwa. Hiyo ndiyo "inaingia" ya mjini aliyoisema dereva: ilikuwa inaingia kwa kuchelewa, na yeye kwa kuzoea hakuona tena kwamba kuchelewa huko ni dalili.

Jaribio hilo liliondoa pia uwezekano wa swichi mbovu au waya uliokatika kwenye ekseli, kwa kuwa taa na magurudumu vilikuwa vinasema jambo lilelile kila mara. Swichi ikiharibika, taa humetameta huku magurudumu yakivuta. Hapa hayakuvuta.

Yalibaki mawili: ama pete na uma vilikuwa vizito kuteleza, ama mvuto unaofika kwenye kopo ulikuwa hautoshi. Upande wa chuma ulimalizwa haraka. Pini ya fimbo ilichomolewa, fimbo ikasukumwa na kuvutwa kwa mkono wakati msaidizi anatikisa gurudumu kidogo ili meno yapate nafasi ya kukutana, na pete ikateleza bila kukwaruza popote. Oili ya difu iliyomwagwa ilikuwa ya unene unaofaa na haikuwa na vipande vya chuma, ila vumbi laini la kijivu kwenye sumaku ya nati, ambalo gari la umri huu haliwezi kulikosa.

Sasa vakyumu. Breki za gari zilikuwa laini na hazikuwa na malalamiko, na kwa kuwa busta inanyonya kutoka pampu ileile, hiyo ilikuwa dalili ya kwanza kwamba pampu ni nzima. Geji ilipounganishwa kwa kiungo cha T karibu na pampu, injini ikiwa kwenye mwendo wa kusimama, sindano ilikaa kwenye inchi 22 za zebaki, kipimo cha nguvu ya mvuto. Msaidizi aliyesoma geji alitikisa kichwa, kwa sababu yeye anazijua namba za 26 na 27 alizofundishwa alipokuwa anajifunza kazi Dar es Salaam, na kwa kipimo hicho pampu ya nyuma ya altaneta ilikuwa ya kubadilishwa.

Hapa ndipo mahali ambapo fundi wa nyanda za juu anapaswa kutumia akili ya mahali alipo. Vakyumu haina nguvu yake yenyewe. Kinachokisukuma kiwambo ni hewa ya nje inayokilalia upande usionyonywa, na geji hupima tofauti kati ya hewa hiyo na kilichobaki ndani ya mpira unaopitisha mvuto. Usawa wa bahari, hewa yote ina thamani ya inchi 29.9 za zebaki, hivyo hakuna pampu duniani inayoweza kuvuka hapo. Mbeya mjini, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, hewa yote iliyopo ni kama inchi 24.4, na uwanda wa Kitulo, kwenye mita 2,600 hivi, inashuka hadi kama inchi 21.8. Kwa hiyo sindano iliyosimama kwenye 22 Mbeya imefikia asilimia 90 ya kila kinachowezekana kupatikana hapa, na pampu inayofanya hivyo haina kosa. Ukiipeleka pampu hiyohiyo pwani bila kuigusa itasoma karibu 27, na msaidizi wetu angeipigia makofi. Ukiipandisha Kitulo itasoma chini ya 20, na bado itakuwa pampu ileile.

Namba hizo zilitupa pia jibu la swali ambalo dereva alilileta bila kujua uzito wake, yaani kwa nini mjini na si juu. Kila nguvu inayotegemea vakyumu kwenye gari hupungua kwa kiasi cha sehemu moja ya kumi kati ya Mbeya mjini na Kitulo. Mfumo mzima una akiba kubwa kuliko hiyo, na ndiyo maana magari mengine ya aina hii hupanda Kitulo kila siku bila wasiwasi. Mfumo ambao akiba yake imeshaliwa na kitu kingine ndio unaokwama huko, na kazi iliyobaki ilikuwa kutafuta kilichoila akiba hiyo.

Geji ilihamishiwa kwenye mpira unaoingia upande wa kuungana wa kopo, mkono ukiwa 4H. Ilisoma 13. Kati ya pampu na kopo kulikuwa kunapotea inchi 9, na injini ilipozimwa sindano iliporomoka mara moja hadi sifuri, wakati mfumo usiovuja ungeshikilia mvuto kwa muda. Kopo lenyewe lilijaribiwa kwa pampu ya mkono ya vakyumu: lilinyonywa, pampu ikaachwa, sindano haikurudi nyuma. Kiwambo kilikuwa kizima. Vali za solenoidi zote mbili zilikuwa zinapata umeme kwa wakati wake na kusikika zikigonga, na koili zake zilipopimwa kwa multimita zilitoa ohm zinazokaribiana, ambacho ni kipimo kizuri kuliko kutafuta namba ya kitabu, kwani ni nadra koili mbili kuharibika kwa usawa mmoja.

Kwa kuwa pampu ya mkono ilikuwa tayari mahali pake, tulipima pia kopo linahitaji mvuto kiasi gani ili kumaliza safari ya pete. Mpira wa upande wa kurudi ulipochomolewa na tundu lake kuachwa wazi, fimbo ilifika mwisho kwenye inchi 10. Mpira huo uliporudishwa mahali pake, swichi ya funguo ikiwa imewashwa na mkono ukiwa 4H, fimbo haikufika mwisho hadi 12 na zaidi kidogo, na ilikwenda polepole kana kwamba kuna mtu anaishikilia kwa nyuma. Tofauti hiyo ya inchi 2 ndiyo iliyotuonyesha kwamba kisa hiki kina makosa mawili na si moja. Mvujo ungeweza kueleza 13 kwenye geji, lakini mvujo wa upande wa kuungana hauwezi kuufanya upande wa kurudi uwe mzito.

La pili ndilo lililopatikana kwanza. Vali inapoacha kuunyonya upande wa kurudi, huufungulia tundu la hewa ya nje ili kiwambo kiweze kusogea. Tundu hilo lina kichujio kidogo cha sponji kinachozuia vumbi. Sponji ya gari hili ilikuwa imegeuka kibanzi kigumu cha rangi ya majivu, mchanganyiko wa vumbi la kiangazi na maji machafu ya masika yaliyokauka kwa joto la injini, na ulipoipuliza kwa mdomo hewa ilipita kwa shida ikitoa mluzi. Kiwambo kilipotaka kusogea kilikuwa kinavuta nyuma yake chumba kilichozibwa nusu, na hewa iliyopaswa kuingia kwa mkupuo ilikuwa inanyunyizwa. Nusu dakika ya kusubiri mjini ilikuwa inatokea hapo.

Mvujo ulihitaji uvumilivu zaidi, kwa sababu mipira yote ukiitazama kwa juu ilikuwa na sura nzuri. Tuliikagua kwa kuipinda kidogo kidogo kwa vidole, kuanzia kwenye vali kushuka chini, na mahali ambapo mpira wa upande wa kuungana unapinda kuelekea kwenye ekseli, kwa upande wa ndani usioonekana, palikuwa na ufa wa urefu wa ukucha. Ukiunyoosha mpira, ufa ulifumba kabisa. Ukiuacha urudi kwenye mpindo wake, midomo yake ilifunguka na kuonyesha nyuzi za ndani. Mpira wenyewe ulikuwa mgumu kama waya mnene. Mvujo wa namna hii haulii kwa sauti ya kusikika injini ikinguruma, na ukipaka maji ya sabuni huoni mapovu kwa kuwa hewa inaingia, haitoki.

Sasa hesabu ya kisa ilikuwa wazi. Mjini, kopo lilikuwa linapata 13 na kuhitaji 12 na ziada kidogo, hivyo lilifaulu kwa nafasi nyembamba na kwa kuchelewa. Ukiichukulia 13 hiyo kuwa ni takriban asilimia 53 ya hewa ya Mbeya, basi kwa makadirio hayohayo Kitulo ingeshuka hadi kati ya 11 na 12, chini ya kinachohitajika. Tairi, dereva na transfa vilikuwa vilevile. Kilichobadilika ni kimo. Na ikiwa kosa moja tu kati ya hayo mawili lingekuwepo, gari lingeendelea kuingia fowili hata juu, kwa uvivu, na pengine lisingeletwa gereji hadi mwaka mwingine.

Matengenezo yenyewe hayakuwa na mengi. Mipira yote miwili ya kwenda kwenye kopo ilibadilishwa kwa pamoja, kwa kuwa wa pili ulikuwa na umri sawa na ugumu sawa, na mipya ikapitishwa kwa mpindo mpana zaidi na kufungwa mbali na mahali panapopigwa na tope. Ni mpira maalumu wa vakyumu wenye kuta nene uliotumika. Mpira wa kawaida wa mafuta, ambao wauzaji wa Mwanjelwa hukupa haraka kwa sababu tundu lake linalingana, unaweza kujibana ukinyonywa na kukuletea kisa kipya. Sponji ya vali ilioshwa, ikaonekana haifai, ikawekwa nyingine. Mipira iliwekewa alama kabla ya kuchomolewa, kwani ukiibadilishana pande gari litaungana mbele likiwa 2H na kuachana likiwa 4H, na tumewahi kuletewa gari la namna hiyo ambalo mwenyewe alikuwa ameshabadilisha vali zote mbili.

Baada ya hapo geji kwenye kopo ilisoma 21.5, na mlio wa kuungana ulisikika karibu mara tu baada ya mkono kufika 4H. Dereva alitaka kwenda kulijaribu kwenye lami kuelekea Uyole, tukamzuia. Mfumo huu hauna difu ya katikati, na ukiendeshwa ukiwa umeungana kwenye lami kavu, hasa kwenye kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutaka kutembea umbali tofauti. Mkazo hujikusanya kwenye propela na shafti, mkono hugoma kurudi 2H, na mtu huanza kuamini kwamba transfa imeharibika kweli. Jaribio lilifanyika kwenye barabara ya vumbi.

Kwa kuwa malalamiko yalihusu Kitulo, hatukukubali kuyafunga kwa jaribio la Mbeya. Geji iliachwa imeungwa kwa kiungo cha T na mpira mrefu ukaingizwa ndani ya kebini, na utingo, ambaye kufikia hapo alikuwa ameshakuwa sehemu ya uchunguzi, alikabidhiwa kazi ya kuisoma kila watakapoingiza fowili na kutupigia simu. Kwa makadirio yetu, 21.5 ya mjini ilipaswa kuwa 19 na kitu huko juu. Alisoma 19 wakiwa wamebeba viazi kwenye mteremko wenye utelezi, na taa ilitulia kabla hajamaliza kuitazama sindano.

Limebaki jambo moja ambalo mwenye gari amejulishwa kwa maandishi. Sili ya shafti upande uleule wa kopo imeanza kutoa jasho la oili. Haivuji kiasi cha kupunguza kipimo kwenye difu, lakini oili hiyo inashuka taratibu kuelekea kwenye swichi ya ekseli na kwenye mpira mpya. Ameomba ibadilishwe msimu wa viazi ukipungua, na hadi wakati huo utingo ameelekezwa kupafuta kwa kitambaa kila wanapoosha gari na kutuambia kama kitambaa kimeanza kulowa kuliko kawaida.